Kisiwa Alichotuletea Katibu Tarafa

Kuanzia saa moja kamili asubuhi ya Jumatatu, tarehe tatu Machi mwaka 1980, tarafa yetu ilitangazwa rasmi kuwa kisiwa. Tangazo lilisomwa mbele ya ghala la kahawa kwa kipaza sauti. Betri za kipaza sauti zilikuwa zimekwisha tangu wakati wa vita, kwa hiyo msomaji alikishika mdomoni kwa heshima na kupiga kelele. Wananchi walipiga makofi, kwa kuwa kipengele cha tisa cha ratiba kilisema "makofi", na mvua ilikuwa inakuja.

Jina la tarafa hatulitaji. Wahusika wengi bado wako hai na tunakutana nao mnadani. Itoshe kusema kwamba ni huku kwetu Ngara, ambako ukitoka Keza kwenda Nyakisasa kwa miguu unachukua saa mbili na nusu, au tatu ukipitia kwa mwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kuhusu bahari, walioiona walikuwa wachache, na wote walisema iko mbali.

Aliyeandika tangazo hilo, kwa mwandiko wa kulalia kulia uliosifiwa hadi wilayani, ni Xavery, karani wa tarafa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwaminifu, aliyerudi vitani mwaka uliotangulia. Huko hakupiga risasi hata moja. Alibeba masanduku ya risasi za wenzake kutoka kwenye lori hadi kwenye handaki, na alijifunza kwamba mtu akiambiwa abebe, abebe kwanza. Maswali atauliza akishatua. Ndivyo alivyokibeba na kisiwa.

Chanzo chake kilikuwa safari. Ndugu Idefonsi, Katibu Tarafa wetu, alipelekwa ziara ya mafunzo ya wiki tatu katika nchi rafiki ya kisiwa, yenye joto na minazi, akajifunze namna msafiri anavyozunguka katika nchi ya aina hiyo. Alikwenda yeye kwa sababu aliyeteuliwa kwanza aliugua malaria. Alirudi na shati la maua makubwa mekundu, ambalo tangu siku hiyo alilivaa katika shughuli zote za serikali, na madaftari manne. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza alikuwa ameandika na kupigia mstari: "Hapa basi ni moja. Linafuata pwani, linazunguka kisiwa chote kwa upande mmoja, halirudi nyuma kamwe. Na kila abiria anafika."

Maneno hayo yalimkaa. Huku kwetu, alieleza kikaoni, watu wanatembea ovyo. Mmoja anakwenda, mwingine anarudi, wanakutana njiani, wanasimama, wanaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mguu wa bibi, mpaka jua linafika utosini. Taifa limeambiwa lifunge mikanda kwa miezi kumi na minane, nasi tunamaliza nguvu kazi kwenye salamu. Watu wote wakienda upande mmoja hakuna atakayekutana na mtu, na uzalishaji utapanda.

Hivyo ulizaliwa Mwongozo wa Mwendo wa Kisiwa, wenye vifungu arobaini na kimoja. Kifungu cha tatu ndicho kilichobeba mengine yote: "Msafiri yeyote, awe wa miguu, wa baiskeli au wa chombo cha moto, atahakikisha kwamba wakati wote bahari iko mkono wake wa kushoto."

"Ndugu Katibu," akauliza mzee Shilinde, mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe themanini, "hiyo bahari yenyewe ni ipi?"

Kamati ilikiri kwamba swali ni zuri na ikalijadili kwa saa nne. Mwishowe aliitwa Halfani, mwenye hoteli ya chai pale njia panda ya Nyakanazi. Babu yake Halfani alitoka Pangani, kwa hiyo alihesabiwa kuwa mtaalamu. Alikuja juu ya lori la chumvi, akavua kofia, akaketi.

"Mimi, ndugu zangu, bahari nimeiona mara moja, tena nikiwa naumwa," alisema. "Ninalokumbuka ni kwamba ina maji."

"Maji si lazima," Idefonsi akamkata. "Tuangalie kazi yake. Bahari inafanya kazi gani?"

Halfani akafikiri. "Unatembea, unatembea, ukiifikia unasimama."

"Andika hilo," Idefonsi akamwambia Xavery.

Xavery akaandika. Na kwa kuwa mahali ambapo Katibu Tarafa husimama ni mpakani, kamati ilipitisha kwamba bahari ni eneo lote lililo nje ya tarafa. Mzee Shilinde akasema kwamba ikiwa ni hivyo ng'ombe wake wanalisha baharini tangu mwezi wa kumi. Akashauriwa awe mwangalifu nao. Nyakanazi, ambayo iko Biharamulo na haikuarifiwa, ilifanywa bandari, na Halfani akateuliwa kuwa Mkuu wa Bandari bila mshahara. Alishukuru sana, akapanda lori, na alipofika kwake hakumwambia mtu hata mmoja.

Basi mwendo ukaanza. Kutoka Nyakisasa kwenda Keza ilikuwa ni kwenda mbele, na mtu alifika baada ya saa zake mbili na nusu kama kawaida. Kutoka Keza kwenda Nyakisasa ilikuwa ni kurudi nyuma, na kurudi nyuma kulipigwa marufuku. Mtu wa Keza mwenye shida Nyakisasa alitakiwa auzunguke mpaka wote wa tarafa, siku tatu kwa miguu. Taarifa ya mwezi wa kwanza ilieleza mafanikio makubwa. Ajali za barabarani, ambazo hazikuwahi kutokea, ziliendelea kutotokea. Mwalimu Novatus, ambaye nyumba yake iko hatua mia mbili nyuma ya shule, alianza kulala darasani ili awahi vipindi, na utoro wa walimu ukatoweka. Waumini wa upande wa pili waliofika kanisani Jumanne walionyesha moyo ambao haukuwahi kuonekana kwa waliokuwa wakifika Jumapili.

Vilifunguliwa vituo saba. Kituo Namba Saba kiliwekwa kwenye daraja la magogo, katikati ya Keza na Nyakisasa, mahali ambapo mtu angeshawishika zaidi kukosea. Kwa uhaba wa watumishi alipewa Xavery, na kwa kuwa mwenye kituo hakuhesabiwa kuwa msafiri, jioni aliruhusiwa kurudi kwake Nyakisasa. Aliwekewa meza, muhuri, mti mrefu wa kuziba njia, na rundo la fomu. Fomu ilimuuliza msafiri jina lake, anakotoka, anakokwenda, anakotazama, na kama anajua kuogelea.

Xavery aliipenda kazi ile, lazima tuseme ukweli. Aliwarudisha watu kwa adabu, akiwasomea kifungu kinachohusika, na baadhi yao waliondoka wakimshukuru. Hakuona ugumu wowote hadi mkewe alipojifungua.

Mkewe ni Anjelika, binti wa Keza, aliyeolewa Nyakisasa. Alijifungua mtoto wa kiume mwishoni mwa mwezi ule wa Machi, na mtoto alilia kwa nguvu mpaka majirani wakacheka. Xavery hakucheka. Walikuwa wamezika wawili kabla ya huyu. Wa kwanza aliishi siku tatu, wa pili tano. Na kwa watu wa ukoo wa Anjelika, mtoto hahesabiwi kuwa amekuja kukaa mpaka siku ya nane, ambapo mama mzaa mama humwogesha, humpitisha mlangoni kwa mikono yake, na kumtamka jina mbele ya watu. Kabla ya hapo mtoto hana jina, na mama yake havuki kizingiti. Siku hiyo ikipita bila bibi kuja, hungojwa mwezi mwingine uandame. Anjelika hakutaka kusikia habari ya mwezi mwingine. Siku nane ndizo alizokuwa akizihesabu kwa vidole kila asubuhi, na alikuwa anaogopa.

Bibi mwenyewe, Deodata, aliishi Keza.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Xavery alisikia hatua upande wa Keza. Akainua macho, akaona kikapu cha unga kichwani, kuku amefungwa miguu juu yake, na chini ya kuku, mama mkwe wake. Aligeuka upesi kama aliyemwagiwa maji. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawatajani majina wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani kila mmoja humpa mwenziwe mgongo, na neno likibidi hupitia kwa mtu wa tatu. Deodata naye aligeuka akatazama alikotoka. Wakasimama hivyo, migongo ikitazamana, na mti wa kizuizi kati yao. Mtu wa tatu hakuwepo.

"Ewe mti," Xavery akasema hatimaye, akitazama mlima wa Nyakisasa, "mwambie mama, shikamoo."

"Ewe mti, mwambie baba, marahaba. Mzazi wetu hajambo?"

"Mwambie hajambo. Mtoto ananyonya vizuri."

"Mungu apewe sifa. Mwambie baba anisogezee huu mti nipite."

Xavery alifungua Mwongozo ingawa alikuwa anaujua kwa moyo.

"Ewe mti, mwambie mama kwamba kwa mujibu wa kifungu cha tatu, anakotoka na anakokwenda havipatani. Atazunguka."

Kuku peke yake ndiye aliyesema neno.

"Nizunguke wapi?"

"Mpakani. Siku tatu tu."

"Ewe mti," Deodata akasema polepole, "muulize baba, leo ni siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Sita na tatu?"

Xavery aliona aibu mpaka masikioni, lakini mkono wake ukachukua kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri akajaza: Msafiri amerudishwa. Shingo yake ilipothubutu kugeuka kidogo, kikapu kilikuwa kinapotelea kwenye migomba ya Keza, na hakikuwa kinakwenda haraka.

Jioni Anjelika alimsikiliza hadi mwisho, akiwa amekaa kitandani na mtoto kifuani.

"Umemrudisha mama yangu," alisema.

"Si mimi. Ni kifungu cha tatu."

"Basi kifungu cha tatu kije kimwogeshe mtoto."

Usiku huo Xavery alikula viazi vyake peke yake jikoni.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Ndugu Idefonsi, akasimama wima kama alivyofundishwa vitani, akaomba kibali maalumu kwa mama mkwe. Idefonsi alikuwa anapiga pasi shati la maua.

"Mama mkwe wako ni mwananchi au si mwananchi?"

"Ni mwananchi, Ndugu Katibu."

"Basi atazunguka kama wananchi. Soma kifungu cha kumi na mbili."

"Hakuna msamaha kwa sababu ya undugu, ugonjwa, umri wala cheo," Xavery akasoma.

"Nani aliandika 'wala cheo'?"

"Wewe, Ndugu Katibu."

"Nilikuwa na akili nzuri siku ile." Akaweka pasi chini, akashusha sauti. "Sikiliza, Xavery. Kesho tunapokea mgeni. Yule mama aliyetupokea kule kisiwani, mkuu wao wa usafiri, amefika nchini, na mkoa unamleta kwetu aone jinsi tulivyotekeleza. Afisa wa mkoa atakuwa naye, ana daftari. Mimi hapa sitazeekea kwenye tarafa. Mambo yakienda vizuri naondoka, na ninakochukuliwa nitahitaji karani. Sasa wewe unataka kuniharibia kwa ajili ya bibi mmoja na kuku?"

Xavery alisema hapana, akatoka. Njiani alijaribu kufurahia kupanda cheo, ikashindikana.

Siku ya nane mapokezi yaliandaliwa Keza. Yalikuwepo matao ya migomba, kwaya, na ubwabwa uliopikwa kwa mchele ulioombwa nyumba kwa nyumba. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Saa tano akaja mtu wa baiskeli kutoka Nyakisasa, njia halali, akihema. Mgeni alikuwa ameshafika, lakini Nyakisasa. Dereva wa mkoa hakuusoma Mwongozo, alifuata barabara.

Ndugu Idefonsi aliruka ndani ya Land Rover ya tarafa, akamwamuru dereva akate kwa njia ya darajani. Njia ile ilikuwa imepanuliwa kwa nguvu za kujitolea na gari liliweza kupita, ingawa kwa matope yale lilipita kama mlevi. Mbele yao wakaona kundi la akina mama watano wakielekea hukohuko. Aliyetangulia alikuwa na kikapu kichwani. Deodata hakuwa amezunguka. Alikaa nyumbani siku nzima ya saba, akafikiri, na siku ya nane akachukua shoga zake wanne akaja tena kizuizini, kwa sababu hakuona mahali pengine pa kwenda.

Xavery aliwaona wakija, akampa mama mkwe mgongo. Kwa kufanya hivyo alielekea Nyakisasa, na ng'ambo ya daraja akaona mama wa makamo mwenye mwavuli, na kando yake bwana mwenye daftari. Mgeni, baada ya kuchoka kungoja, alikuwa ameomba atembezwe hadi Kituo Namba Saba ambacho barua za Idefonsi zilikisifu sana.

Land Rover ikafunga breki.

"Fungua mti!" Idefonsi akapiga kelele kutoka dirishani.

Mkono wa Xavery ulikwenda kwenye mti bila kumuuliza. Alikuwa mtu wa kubeba kwanza.

"Ndicho hiki kituo chenyewe?" mgeni akaita kwa furaha. Alikuwa amesoma chuo Dar es Salaam enzi za ujana wake na Kiswahili chake kilitosha. "Na lile gari linakwenda upande upi? Wa kushoto au wa kulia?"

Afisa wa mkoa akafungua daftari.

Mkono wa Xavery ukasimama. Nyuma yake palikuwa na mwenye amri, mbele yake mwenye daftari, na kilomita chache toka hapo mtoto wake, wa siku nane, mzima, bila jina. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisini kabisa:

"Ndugu Katibu, gari linaelekea nyuma. Kifungu cha kumi na mbili kinasema wala cheo."

"Xavery!"

"Umekiandika vizuri sana, Ndugu Katibu. Hakina mwanya."

Idefonsi alimtazama mgeni, akamtazama afisa, akatabasamu kwa meno yote. Hakuna binadamu anayeweza kuvunja sheria yake mwenyewe mbele ya daftari. Wakati anatafuta la kusema, Deodata aliamua kwamba mazungumzo ya wanaume yamekuwa marefu. Kati ya nguzo ya mti na ukingo wa daraja palikuwa na upenyo wa mtu mmoja, lakini kuupita ilikuwa lazima amkaribie mkwe wake kiasi cha kugusana, na mwanamke aliyelelewa hapiti mbele ya mkwe wake akimwonyesha uso. Akajifunika kanga kichwani, akageuka akaitazama Keza, akaanza kupita kinyumenyume, akipapasa gogo kwa kisigino. Shoga zake, wasije wakaonekana hawana adabu, wakageuka vilevile wakamfuata.

Xavery alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, Mwongozo umefunguliwa. Pembeni mwa jicho aliona mkono wa mama mkwe ukipita, mkono wa kushoto, umeshika kikapu. Mkono ule ulikuwa upande wa bondeni, na bondeni ndiko mpakani. Akakisoma kifungu cha tatu. Akautazama mkono. Akakisoma tena, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya kwanza kutoka kwa mchumba.

"Bahari iko kushoto," akasema. "Kifungu hakisemi msafiri atazame wapi. Msafiri huyu anafuata Mwongozo. Na wenzake wote. Wapite!"

Akagonga muhuri mara tano, na wa mwisho uliipasua fomu.

Idefonsi hakufika kwenye ukatibu tarafa kwa ujinga. "Geuza!" akamwambia dereva. "Geuza gari, tuingie kinyumenyume!" Gari likageuzwa kwa taabu kwenye matope, likaanza kurudi kwa kitako kuelekea darajani. Mti ukafunguliwa kwa heshima zote. Gurudumu la kwanza la nyuma likalipata gogo. La pili likalikosa, Land Rover ikaketi, pua ikatazama mawinguni, na dereva akazima injini ili kuokoa mafuta ya taifa.

Palibaki njia moja. Ndugu Idefonsi alishuka, akaipa Nyakisasa mgongo, akaanza kutembea kinyumenyume juu ya magogo, shati lake la maua likiwa limeloa, nyuma ya akina mama watano, au mbele yao, hesabu hiyo kamati haikuwahi kuitoa. Aliteleza mara mbili. Mgeni, alipoona watu wote wanakuja wakiwa wamempa mgongo, alidhani ndiyo salamu ya kwetu, akageuka naye awape wa kwake. Afisa wa mkoa akafanya vivyo hivyo, daftari mkononi. Hivyo Katibu Tarafa wetu alimpokea mgeni wa kimataifa akinyoosha mkono wa kulia nyuma na kuutafuta mkono wa mgeni kwa kupapasa, na alichokipata kwanza ni kuku wa Deodata, aliyemdonoa.

Mambo yalipotulia na watu kugeukiana, mgeni aliuliza kulikoni. Xavery, ambaye hakujua kusema uongo, akamsomea kifungu cha tatu. Mama yule akasikiliza, paji la uso likikunjamana.

"Lakini, ndugu zangu," alisema, "kwetu basi linazunguka kwa sababu katikati ya kisiwa pana mlima wa moto. Hakuna njia nyingine! Tangu nikiwa msichana tunaomba tupate ya kukatiza. Mama yangu alifariki upande wa pili, kwa mruko wa ndege ni karibu tu, na basi likanifikisha baada ya mazishi. Nilimweleza Ndugu Idefonsi yote hayo siku ya kwanza. Aliandika sana."

"Niliandika," Idefonsi akakubali.

"Mbona hapa katikati hakuna mlima?"

Afisa wa mkoa alisikika akigeuza ukurasa. Ndipo mgeni akamwona Deodata, ambaye hakuwa amesimama kusikiliza. Alikuwa ameshaanza kupanda kilima, sasa akitazama anakokwenda.

"Na mama yule ana haraka ya wapi?"

"Anakwenda kumtoa mjukuu wake nje," Xavery akasema. "Leo ni siku ya nane."

"Basi twende," mgeni akasema, akafunga mwavuli.

Wakaenda wote. Kwaya iliyobaki Keza iliimba peke yake hadi saa nane, kisha ikala ubwabwa. Nyumbani kwa Xavery, Deodata aliingia ndani bila kumsalimu mtu, na watu waliokuwa uani wakamsikia Anjelika akilia kwa sauti kubwa, kilio cha kutua mzigo, na maji yakimwagwa kwenye beseni. Kisha mlango ukafunguliwa, na bibi akasimama kizingitini na mtoto mikononi. Xavery akageuka upesi kwa adabu. Hakuwepo wa kumpokelea. Shoga za Deodata walikuwa jikoni. Mgeni akasogea, akapokea mtoto kwa bibi, akatembea hatua nne, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Anaitwa Safari," Deodata akatangaza, akiwatazama watu wote isipokuwa mmoja.

Xavery alilia bila kujificha. Ndugu Idefonsi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, matope hadi magotini, akingoja kupangiwa mahali pa kuketi kulingana na wadhifa wake. Alipewa kibuyu cha rubisi, akaambiwa akishapiga funda ampe na mwenzake.

Mwongozo ulisitishwa na mkoa siku ya nne baada ya hapo, kwa simu ya maneno saba. Watu wakarudi kukutana njiani na kuulizana habari za mguu wa bibi. Mgeni naye, kabla ya kuondoka nchini, aliandika barua ya shukrani, kwa sababu ni mtu mstaarabu, akasema hajawahi kuona mtumishi anayevipenda visiwa kama Ndugu Idefonsi. Mkoa ulilichukulia neno hilo kwa uzito. Mwezi wa sita ikaja barua ya uhamisho na kupandishwa cheo: Ndugu Idefonsi ameteuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Maendeleo katika kisiwa kimoja cha wavuvi huko katikati ya Ziwa, kisiwa ambacho mtu akikizunguka kwa miguu bila haraka anamaliza kwa dakika arobaini. Boti hupeleka watu huko mafuta yakipatikana.

Aliisoma barua mara tatu, amesimama. Kisha akamwomba Xavery, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, apekue Mwongozo aone mtumishi wa kisiwani anaruhusiwa kutoka kwa utaratibu gani. Xavery alivua saa mkononi akaiweka mezani, akapekua kwa uaminifu kuanzia ukurasa wa kwanza, kifungu kwa kifungu, asubuhi nzima. Vya kuzunguka vilikuwa arobaini na kimoja. Cha kutoka hakikuwepo.